Muulize Mama Machela: begi la dola 150, mtihani wa Marekani, na shimo lisilo na harufu

Barua za mwezi huu nimezisomea nyumbani Katindo, umeme umekatika, kwa tochi ya kichwa ileile ninayovaa kazini. Wasomaji wapya wananiuliza jina hili nimelitoa wapi. Tarehe 17 Januari 2002, volkano ya Nyiragongo ilipomwaga moto hadi katikati ya Goma, nilikuwa na miaka 19, na kazi yangu ya kwanza ya uokoaji ilikuwa kushika mpini mmoja wa machela. Sikujua hata mgonjwa anatangulizwa kichwa au miguu. (Miguu hutangulia, ila mkipanda mlima au ngazi kichwa ndicho kinakuwa mbele.) Jina likabaki. Haya, tuanze.

*Jambo Mama Machela. Nina miaka 22, najitolea kama sekuristi (mtoa huduma ya kwanza) kartye, yaani mtaa, wa Himbi. Mjomba wangu wa Bukavu amenipa dola 150 ninunue vifaa vyangu mwenyewe. Kwenye simu nimeona begi la Kimarekani lina mifuko 14 na vitu zaidi ya 200 ndani. Ninunue? — Sekuristi wa Himbi*

Mwanangu, mshukuru mjomba na begi hilo liache hapohapo kwenye simu. Vitu 200 vya namna hiyo nimeshavihesabu siku moja mezani: nusu yake zilikuwa plasta za kidole, halafu vipamba vya spiriti, halafu pini. Hapa Goma hakuna mtu atakuita usiku kwa sababu ya plasta ya kidole.

Nenda Birere, nunua begi la shule lenye zipu nene. Tia glavu za naitrili, boksi zima, kisha toa jozi mbili uziweke kwenye mfuko wa suruali. Glavu iliyoko chini ya begi ni sawa na glavu iliyobaki nyumbani, kwa sababu damu haikusubiri ufungue zipu. Tia shashi nyingi kuliko unavyofikiri, bandeji pana za kukaza, mkasi wenye ncha butu wa kukatia nguo, barakoa ya mfukoni yenye vali ya kupulizia pumzi, blanketi la foili, tochi ya kichwa, kalamu ya wino mzito na kidaftari. Bandeji ya pembetatu usinunue. Chukua kitenge cha zamani cha mama yako, kata mraba wa mita moja, ukate tena kona kwa kona, una mbili. Weka na kichupa cha dawa ya mikono. Ukipewa klorini, jua unapewa ipi: wakati wa Ebola, mwaka 2019, tuliishi na ndoo ya bomba kwenye kila mlango, na nimeona watu wakiosha mikono kwa klorini ya asilimia 0.5, ambayo ni ya sakafu na vyombo. Ya mikono ni 0.05. Ni mara kumi, na ngozi inakwambia kesho yake.

Sasa garo, yaani mkanda wenye kijiti cha kuzungusha, wa kukaza mguu au mkono damu isitoke. Hapo ndipo dola zako ziende. Mimi nilikosea. Nilinunua tatu za rangi nyeusi, dola 5 kila moja, kwa mfanyabiashara ambaye simtaji, nikajiona nimepata. Usiku mmoja njia ya Sake, kijana wa chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao ya kubebea mizigo, amegongwa, paja limepasuka, damu inaruka. Nikafunga, nikazungusha kijiti: mara ya kwanza sawa, ya pili kikapinda kama mshumaa juani, ya tatu kikakatika mkononi mwangu. Nikapiga goti langu juu ya kinena cha kijana, uzito wote, nikamwambia mwenzake avue shati. Tulilikunja likawa mkanda wa upana wa vidole vitatu, tukafunga, na kijiti chetu kikawa mpini wa nyundo waliyokuwa wanatengenezea chukudu. Nyundo ile ilisafiri naye hadi mezani kwa daktari.

Kwa hiyo nunua moja ya kweli, hata kama itakula dola 30 au 40, na nyingine ya mazoezi. Kuna garo ya aina ya C-A-T: ile ya buluu ni ya mazoezi. Usiitie kwenye begi la kazi, maana imeshachoka kwa kukazwa na kufunguliwa. Unaifunga juu ya jeraha umbali wa vidole vitatu au vinne, si juu ya goti wala kiwiko, unakaza hadi damu isimame. Atapiga kelele. Ndivyo inavyouma ikifungwa vizuri. Andika saa, kwenye mkanda au kwenye paji la uso, na usiilegeze njiani eti mguu upumzike.

Kola za shingo, mirija ya kooni, sindano, nyuzi za kushonea: hapana. Kitu ambacho hujafundishwa kukitumia kitakuongezea kilo, na kitakutia kishawishi. Pesa itakayobaki nunulia viatu vya soli ngumu. Mawe ya lava hayana huruma na raba.

Ukishapanga begi, zima taa. Mwambie mdogo wako ataje kitu, "shashi!", "mkasi!", nawe ukitoe bila kuona. Ukipapasa zaidi ya kuhesabu tano, panga upya. Vya damu vikae juu kabisa.

*Mama, kaka yangu yuko Marekani, anasomea EMT, ndio wale mafundi wa huduma ya dharura wanaopanda ambulansi. Kila jioni ananitumia maswali ya mtihani wao na mimi namshinda. Mimi ni muuguzi wa A2, ile diploma ya sekondari. Naweza kuufanya mtihani huo nikiwa hapa Goma? Cheti chake kitanifaa? — A2 wa Majengo*

Mdogo wangu, hongera, lakini usimringie sana, ndiye anayelipia intaneti.

Mtihani anaousomea unasimamiwa na National Registry of Emergency Medical Technicians, shirika lililoanza mwaka 1970. Huwezi kulipa tu ukakaa mbele ya kompyuta. Lazima kwanza uwe umemaliza kozi inayotambuliwa na ofisi ya dharura ya jimbo mojawapo la Marekani, na isiwe imepita miaka miwili. Kozi yenyewe ni saa 150 na zaidi, na ndani yake kuna mikono, si maswali ya simu tu. Kwa hiyo ukiwa Goma, hapana. Na ukiona kwenye WhatsApp mtu anauza "cheti cha kimataifa cha EMT" cha siku mbili, mwulize swali moja: ni hospitali gani au ambulansi gani itanipokea nacho kesho? Utaona anavyojibu kwa emoji.

Kwetu Kongo ngazi ni nyingine. Ukiwa na A2 ya ITM (shule ya sekondari ya tiba), unapanda kwenda A1 (ngazi ya chuo) kwa njia ya ISTM (chuo cha juu cha tiba), na mafunzo ya usekuristi ya Msalaba Mwekundu unayabeba pembeni. Ambulansi nyingi nilizopanda zilikuwa na dereva, muuguzi kama wewe, na mtu wa kujitolea kama mimi. Ukitaka jina lenyewe la EMT, tazama Kenya: kuna vyuo vinavyofundisha kazi hiyo, na mafundi hao wana baraza lao. Nairobi ni mbali, lakini Marekani ni mbali zaidi, na viza yake unaijua.

Hata hivyo endelea kumsaidia kaka. Mwambie hivi. Mtihani wa EMT una maswali kati ya 70 na 120, saa mbili. Kompyuta inampima akiwa anajibu: akipata, inaleta gumu zaidi, akikosa, inashusha. Ikishajua uwezo wake, inazima. Kwa hiyo ikizima kwenye swali la 70 asilie wala asicheke, haimaanishi kitu. Na hakuna kurudi nyuma kurekebisha. Fungu kubwa kuliko yote ni uchunguzi wa kwanza, zile dakika mbili za mwanzo na mgonjwa, lakini watu wanakesha na majina ya mifupa.

Mtego wao ni neno "kwanza". Nimetunga moja la kwetu:

Fundi ameanguka kutoka juu ya paa. Umeshahakikisha pako salama. Hajibu, kooni kunachemka kama sufuria ya maharage, mfupa wa mguu umetoka nje, damu inadondoka tone kwa tone. Utafanya nini kwanza? (a) Kufunga banzi mguuni. (b) Kupima presha. (c) Kusukuma taya mbele na kusafisha kinywa. (d) Kumpa oksijeni.

Kila mtu macho yanakwenda kwenye mfupa, kwa sababu mfupa unatisha. Jibu ni (c). Kinachochemka kooni ni damu au matapishi, na oksijeni ya (d) haipiti kwenye supu. Taya inasukumwa, kichwa hakiinamishwi nyuma, kwa sababu ameanguka na shingo yake hatuijui. Ningeandika damu *inaruka*, jibu lingebadilika: damu inayoruka inatangulia hata koo. Neno moja tu.

Mimi mtihani wangu wa kwanza wa vitendo nilianguka kwa kitu kidogo kuliko hicho. Nilijua kila kitu. Nikamkimbilia "mgonjwa", nikapiga magoti, nikaanza kumwita. Msimamizi akaniambia, "Mama, umekufa, kaa pembeni." Chini ya mkono wa mgonjwa walikuwa wameweka kipande cha waya wa umeme. Sikuwa nimetazama.

*Mama Machela, tunaishi upande wa Mugunga. Wiki iliyopita mbuzi watatu walikufa kwenye bonde dogo nyuma ya shamba, na mtoto wa jirani aliyekwenda kuwatoa akaanguka. Tulimvuta kwa bahati, yuko hai. Wazee wanasema ni mazuku. Je, tukijifunga kitambaa cha maji puani tunaweza kuingia? — Baba wa watoto sita*

Baba, hapana. Nimeisoma barua yako kabla ya zote, na nakujibu kwa urefu kwa sababu wewe hujaandika kwa ajili ya mtihani.

Wazee wanasema kweli. Mazuku ni hewa ya kaboni dioksidi inayotoka ardhini kwenye nchi yetu ya volkano. Haina rangi, na haina harufu ya kukutosha kujihadhari. Ni nzito kuliko hewa ya kawaida, kwa hiyo inatulia mahali pa chini kama maji kwenye beseni: bonde, shimo la choo, msingi wa nyumba iliyochimbwa, ufuo uliozibwa na mawe. Usiku na alfajiri, upepo ukiwa umelala, beseni linajaa. Jua likipanda na upepo ukivuma linapungua, ndiyo maana watu wanasema "mbona jana mchana nilipita?" Mbuzi anakufa kabla yako kwa sababu pua yake iko chini. Mtoto vilevile. Na mtu mzima akiinama kumwokota mtoto, ameingiza pua yake mwenyewe ndani ya beseni.

Hewa hiyo ikizidi asilimia 10 inamwangusha mtu kwa dakika chache. Ikifika 30, ni pumzi chache tu. Kitambaa cha maji, barakoa ya hospitali, hata ile nene ya daktari, zote zinachuja vumbi na vijidudu. Haziongezi oksijeni. Anayeingia lazima awe na chupa ya hewa mgongoni, na chupa hiyo wewe huna, mimi sina. Mshumaa pia usiutegemee: ukizimika, wewe unayeushika umeshachelewa.

Niliwahi kumshika kijana wetu kwa koti, koti la kuakisi mwanga, likachanika kwapani. Tulikuwa juu ya ukingo, chini kuna mtu amelala kifudifudi na ndege wawili wamekufa karibu yake. Kijana analia, "Ni hatua kumi tu!" Ndiyo, zilikuwa hatua kumi. Nikamwonyesha ndege. Tulitumia mti mrefu wa kujengea na kamba yenye kitanzi, tukasimama juu, upande upepo unakotoka, tukamvuta kwa mguu. Si ustadi wa kuigiza kwenye filamu, ulimchuna ngozi.

Fanyeni hivyo. Wekeni mti mrefu wenye ndoano na kamba pale juu, vikae hapohapo kama vile vifaa vya kuzimia moto. Simikeni alama inayoonekana na mtoto asiyejua kusoma: fuvu, au nguo nyekundu. Mkishamvuta mtu, mpelekeni mahali pa juu penye upepo, ndipo mmguse. Kama hapumui, huyu amekosa hewa, kwa hiyo kifua peke yake hakitoshi: mpeni pumzi pia. Kandamizeni kifua mara 30, pumzi mbili, tena 30, kasi ya 100 hadi 120 kwa dakika, kina cha sentimita 5 hadi 6 kwa mtu mzima. Mtoto wa jirani, hata kama leo anacheza, apelekwe kituo cha afya akasikilizwe kifua.

*Mama mkwe wangu anampaka mtu aliyeungua dawa ya meno. Nimnyamazie? — Bibi harusi, Ndosho*

Usimnyamazie, mwambie kwa upole na bidoni mkononi. Maji safi ya baridi, yakitiririka polepole kwa kikombe, dakika 20. Bidoni moja ya lita 20 inatosha kama humwagi kwa hasira. Pete na saa zivuliwe mapema kabla ya kuvimba. Dawa ya meno itamfurahisha daktari atakapoikwangua.

*Yaya, nimenunua oksimita ya kidole, kile kidude cha kupima asilimia ya oksijeni kwenye damu. Bibi yangu inamsomea 94, na kwenye video ya Ufaransa wanasema chini ya 95 ni hatari. Nimekimbia naye hospitali mara mbili, wananirudisha. — Mjukuu, Keshero*

Yule wa video anaishi kando ya bahari. Sisi tuko mita 1,500 juu yake, hewa ni nyepesi, na bibi mzima wa Goma akisoma 94 akiwa anakula na kukugombeza, mwache akugombeze. Ila andika namba yake ya kawaida ukutani. Ikishuka kutoka hapo ghafla, ndiyo habari.

Kabla ya kuamini kioo, pasha kidole joto, ondoa rangi ya kucha, mkono utulie, subiri mapigo yasimame mahali pamoja. Na kuna jambo ambalo wauzaji hawaliandiki kwenye boksi: mashine hizi zinaweza kusoma juu ya ukweli kwa ngozi nyeusi. Mwishoni mwa 2020 madaktari wa Marekani walichapisha kwamba wagonjwa weusi walikutwa wamekosa oksijeni huku kidude kinaonyesha namba nzuri karibu mara tatu kuliko wagonjwa weupe. Kwa hiyo 97 isikulaze usingizi kama bibi anahema. Mhesabie pumzi dakika nzima, saa mkononi, bila kumwambia, maana akijua ataanza kupumua kwa adabu. Zikifika 25 amekaa tu, hajapanda ngazi, nenda naye, na wakikurudisha waambie pumzi, usiwaambie kidole.

*Mama Machela, mimi ni dereva wa ambulansi ya kituo kimoja njia ya Sake. Chupa ya oksijeni huwa inatuishia katikati. Kuna hesabu? — Shofa*

Ipo, na inastahili kubandikwa kwenye mlango wa gari. Ujazo wa chupa zidisha kwa namba ya saa ya presha. Chupa ya lita 5 ikionyesha baa 150 ina lita 750. Lakini usiimalize yote, acha baa 30 za akiba: 120 mara 5, lita 600. Mgonjwa akipewa lita 10 kwa dakika, una dakika 60. Akipewa 15, una 40. Kutoka Sake hadi mjini ni kama kilomita 25, nawe unajua njia ile mvua ikinyesha. Kwa hiyo msome presha kabla ya kuwasha gari, msisubiri chupa ianze kulia.

Mambo mawili mengine, kwa kuwa umeuliza wewe dereva na si muuguzi. Mtu mwenye vazelini au grisi mikononi asiguse kichwa cha chupa: mafuta na oksijeni yenye presha vinashika moto. Najua mnapaka grisi kila kitu kinachokwama. Hicho kiacheni kikwame, mkipeleke kwa fundi wake. Na chupa ifungwe kwa mikanda miwili, juu na chini. Yetu iliwahi kulazwa sakafuni "kwa dakika tano tu", dereva akakwepa chukudu, chupa ikabingirika ikanipiga kifundo cha mguu. Mgonjwa alishuka akitembea, mimi nikashushwa kwa machela.